Ziara za Ng'ambo Hazitainua Raga ya Shule za Jinja na Mbale

Timu ya taifa ya raga ya wanafunzi ni kikosi cha wavulana, aghalabu wenye umri chini ya miaka 18 au 19, wanaoteuliwa kutoka shule mbalimbali ili wavae jezi ya nchi yao. Ziara ya ng'ambo ni safari ya kikosi hicho, kwa kawaida ya majuma mawili hivi, ambamo hucheza na shule, majimbo au timu za rika lake katika nchi nyingine. Desturi hiyo ilikomaa Uingereza, Australia, New Zealand na Afrika Kusini, ambako shule zilikuwa zimecheza raga kila wiki kwa miongo kadhaa kabla ya mvulana yeyote kuteuliwa kwenda popote. Uganda imeipokea kwa mpangilio wa kinyume: safari ndiyo inayotarajiwa kuuzaa mchezo.

Rai iliyoenea miongoni mwa walimu wa michezo, wazazi na wapenzi wa raga nchini yaweza kuelezwa hivi, bila kuipunja. Uganda si nchi changa katika raga. Timu yake ya wakubwa ilitwaa Kombe la Afrika mwaka 2007, na ile ya wachezaji saba kila upande ikawa bingwa wa Afrika jijini Kampala mwaka 2022, kisha ikacheza Kombe la Dunia huko Cape Town mwaka huohuo. Lakini ikikutana na mataifa makubwa huonekana imechelewa kujifunza. Kwa hiyo vijana wawahishwe: wapelekwe Afrika Kusini au Uingereza wakiwa bado shuleni, wapambane na wenzao waliokua na mpira huo mikononi, waone viwanja vyao, mazoezi yao na nidhamu yao. Wakirudi watawafundisha waliobaki. Wachache watapata ufadhili wa masomo. Wadhamini watavutika. Na kijana wa Jinja au Mbale, aliye mbali na macho ya Kampala, atapata kwa jezi ya taifa nafasi ambayo mji wake haujaweza kumpa.

Rai hiyo imekosea karibu katika kila kipande chake, na gharama ya kosa hulipwa zaidi na hao wavulana wa mashariki wanaotajwa mwishoni.

1. Taifa linaloteuliwa bila kuonekana

Mteuzi hawezi kumchagua mchezaji ambaye hajamwona akicheza. Hili ndilo jambo la kwanza katika uteuzi wowote, na ndilo linalopuuzwa kwa wepesi zaidi. Shule zinazotajwa mwanzo raga ya wanafunzi inapozungumzwa nchini Uganda ni Namilyango, King's College Budo, St. Mary's College Kisubi na Makerere College. Zote ziko Kampala au hazizidi kilomita 40 kutoka hapo. Zinafikiana kwa urahisi, zinacheza mara kwa mara, na wateuzi wanaweza kuziona tatu kwa wiki moja bila kulala nje ya nyumba zao.

Mashariki hali ni nyingine. Jinja iko kilomita 80 hivi kutoka Kampala, na ina historia yake: uwanja wa Dam Waters, klabu ya Hippos, na juu ya kilima nje ya mji Busoga College Mwiri, shule iliyoanzishwa mwaka 1911. Mbale iko zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala. Miji yote miwili ilipandishwa hadhi kuwa majiji tarehe 1 Julai 2020, lakini hadhi hiyo haikuleta nguzo za raga katika viwanja vya shule. Pasipo mechi za kila wiki zinazotazamwa, uteuzi huachiwa majaribio ya siku moja au mbili jijini Kampala. Mvulana wa Mbale hana budi kupata ruhusa ya mwalimu mkuu, nauli ya kwenda na kurudi, mahali pa kulala na mtu mzima wa kumsindikiza, yote kwa ajili ya dakika chache za kuonekana. Akifika, atapimwa na mwenzake aliyekwisha kucheza mechi nyingi mwaka huo. Kipaji chake kinaweza kuwa kikubwa zaidi, lakini siku moja ya majaribio hupima uzoefu kuliko kipaji, na uzoefu ndio hasa alionyimwa.

Baada ya majaribio huja ada. Pasipo mdhamini wa kutosha, gharama hugawanywa kwa wazazi: pasipoti, viza, bima, sare na sehemu ya tiketi. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anayesafiri bila wazazi huhitaji pia cheti cha kuzaliwa na kibali chao cha maandishi, na si kila familia ya mtaa kama Namatala wa Mbale au Walukuba wa Jinja ina karatasi hizo tayari kabatini. Hapo kikosi huchujwa mara ya pili, na mchujo huu hauhusiani na mpira hata kidogo. Kinachobaki ni timu ya wale walioonekana na kulipiwa. Kuiita timu ya taifa ni kuwasingizia wavulana ambao hawakupewa hata nafasi ya kushindwa.

2. Kalenda isiyokubali

Watetezi wa ziara huzungumza kana kwamba mwaka wa shule wa Uganda na msimu wa raga wa nchi za mbali vinaoana. Haviwiani. Muhula wa kwanza huanza Februari hadi mwanzoni mwa Mei, wa pili mwishoni mwa Mei hadi Agosti, na wa tatu Septemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Mitihani ya kidato cha nne hufanyika Oktoba na Novemba, na ya kidato cha sita Novemba na Desemba. Wavulana wenye umri na mwili wa kuingia timu ya wanafunzi wako hasa katika vidato hivyo viwili.

Uingereza, raga ya shule ya wachezaji 15 huchezwa zaidi kati ya Septemba na Desemba. Likizo ya Uganda ya Agosti huikuta Uingereza katika kiangazi, shule zimefungwa. Likizo ya Desemba na Januari huingiliana na Krismasi, na wenyeji wako makwao. Zinabaki wiki za mwanzo wa Septemba, ambapo timu za Uingereza ndiyo kwanza zinaanza kujinoa na mtahiniwa wa Uganda ana wiki chache tu kabla ya mtihani utakaoamua maisha yake.

Afrika Kusini msimu wa shule hukolea kuanzia Aprili hadi Julai, na kilele chake, mashindano ya timu za majimbo yaitwayo Craven Week, huwa Julai, katikati ya muhula wa pili wa Uganda. Likizo ya Mei pekee inafaa, nayo haizidi majuma matatu hivi. Lakini kikosi cha Mei lazima kiteuliwe Aprili kwa mechi za muhula wa kwanza, muhula ambao viwanja vingi vya shule hushikwa na soka. Kwa hiyo, hata dirisha moja lililo wazi hudai kitu ambacho hakipo: ligi ya raga ya muhula wa kwanza. Ziara inayofanyika bila ligi hiyo ama huiba masomo ya mtoto, ama huondoka na kikosi ambacho hakijawahi kucheza pamoja.

3. Somo la kushindwa

Dai lenye nguvu kuliko yote ni kwamba mchezaji hukua kwa kukutana na aliyemzidi. Lina ukweli, ila ukweli wenye mpaka. Hukua yule anayezidiwa kwa kiasi, anayefahamu amezidiwa wapi, na anayepata kumkabili tena mpinzani huyohuyo baada ya kujirekebisha. Ziara haina sharti hata moja kati ya hayo. Mpinzani huonekana mara moja, pengo huwa kubwa mno kiasi cha kuficha makosa madogo yanayorekebishika, na mechi ya marudiano haipo.

Historia ya raga ya Afrika Mashariki ina ushahidi wa jambo hili. Mwaka 1955 British Lions, timu ya pamoja ya Uingereza na Ireland, ikirejea kutoka Afrika Kusini, ilicheza na Afrika Mashariki jijini Nairobi na kushinda 39 kwa 12. Mwaka 1962 Lions walipita tena, wakashinda 50 kwa 0. Katika miaka saba kati ya mechi hizo pengo halikupungua, liliongezeka. Ugeni wa wakubwa haukuacha nyuma shule zinazocheza, na wakati huo raga ilikuwa bado mikononi mwa Wazungu wachache wa klabu, bila mizizi kwa wenyeji. Hata Jinja inakumbukwa kwa upande huohuo. Idi Amin, alipokuwa askari wa King's African Rifles katika kambi ya mji huo, aliichezea klabu ya Nile, na hadithi iliyozagaa duniani ni kwamba alikuwa mchezaji wa akiba dhidi ya Lions mwaka 1955. Kumbukumbu za mechi hiyo haziungi mkono hadithi hiyo. Ila ndiyo inayosimuliwa, huku mechi halisi za Nile za wiki baada ya wiki, zilizokuwa uhai wa mchezo mjini hapo, zikiwa zimesahaulika kabisa.

Lipo pia suala la usalama, ambalo halipaswi kupitiwa juu juu kwa kuwa wanaozungumziwa ni watoto. Sheria za raga zenyewe zinakiri kwamba mwili wa kijana si wa mtu mzima. Mechi ya chini ya miaka 19 huchezwa dakika 70 badala ya 80. Katika skramu, yaani pale wachezaji wa mbele wa timu mbili wanapokabana na kusukumana, timu hairuhusiwi kuisukuma nyingine zaidi ya mita 1.5. Pasipokuwa na wachezaji wa safu ya mbele waliofunzwa kazi hiyo, skramu huchezwa bila kusukumana kabisa, kwa sababu shingo ya asiyefunzwa iko hatarini. Safu ya mbele hufunzwa kwa miezi, kwa mashine ya skramu au angalau kwa mwalimu anayejua kupanga miguu, mabega na vishiko. Shule isiyo na mwalimu huyo ikimtoa mvulana mnene kwa sababu tu ni mnene, na mvulana huyo akapelekwa kukabiliana na safu iliyofanya kazi hiyo tangu utotoni, hakuna somo analopewa. Anahatarishwa.

Vivyo hivyo kwa mtikisiko wa ubongo. Miongozo ya World Rugby kwa raga isiyo ya kulipwa inataka mchezaji aliyeupata asirudi katika mechi kabla ya siku 21. Ziara ya majuma mawili ni fupi kuliko muda huo. Kijana akiumia katika mechi ya kwanza, ziara yake imekwisha, na shinikizo la kumrudisha uwanjani, hasa pale kikosi ni kidogo na wazazi wamelipa, humwangukia kocha aliye mbali na daktari anayemjua mtoto huyo. Nyumbani, mechi inayofuata inaweza kungoja.

4. Mfano wa Australia unathibitisha kinyume

Wanaotetea ziara hupenda kutaja wanafunzi wa Australia wa mwaka 1977 na 1978. Kikosi hicho kilizuru Ulaya bila kupoteza mechi hata moja, na ndani yake walikuwemo ndugu watatu, Mark, Glen na Gary Ella, ambao wote baadaye waliichezea timu ya taifa ya wakubwa. Mfano huu ni mzuri, ila unasema jambo jingine. Ndugu hao walitoka Matraville High School, shule ya serikali mjini Sydney. Walijifunza kupasiana hapo, wakicheza dhidi ya shule jirani msimu baada ya msimu. Walipopanda ndege walikuwa wameiva, na Ulaya ilionyeshwa tu kilichokwisha kulimwa nyumbani.

Afrika Kusini, mwaka 1964, ilipotaka kuinua raga ya wanafunzi wake haikuanza kwa kuwasafirisha ng'ambo. Ilianzisha Craven Week, iliyopewa jina la Danie Craven, kiongozi wa raga wa nchi hiyo, na kuzikusanya timu za majimbo mahali pamoja kila mwaka. Zimbabwe nayo ina tamasha la raga la shule jijini Harare, ambalo kwa miaka mingi limeleta pamoja wanafunzi wengi kwa siku chache za mechi mfululizo. Zimbabwe hiyohiyo ilitwaa Kombe la Afrika jijini Kampala mwaka 2024, ikalitwaa tena hapohapo mwaka 2025 kwa kuifunga Namibia 30 kwa 28, na kufuzu Kombe la Dunia la 2027. Mashabiki wa Uganda waliyatazama hayo wakiwa uwanjani. Waliotaka kujua siri ya Zimbabwe hawakuhitaji kutafuta mbali kuliko shule zake.

5. Nani hubaki kufundisha?

Inasemwa kwamba mvulana akirudi atawafundisha wenzake. Mvulana wa miaka 18 aliye kidato cha sita hufanya mtihani wa mwisho miezi michache baada ya safari, kisha huondoka shuleni moja kwa moja. Alichokiona huondoka naye. Mwenye kubaki ni mwalimu, ambaye kwa kawaida hana nafasi katika ndege isipokuwa ni miongoni mwa viongozi wa msafara.

Kosa la kuwategemea wavulana badala ya walimu lilionekana wazi baada ya janga la korona. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Katika karibu miaka miwili hiyo, wavulana waliokuwa wakipokezana mchezo kutoka darasa hadi darasa walihitimu au waliacha shule bila kumkabidhi mtu. Penye mwalimu anayejua raga, mchezo ulianza upya. Pasipo naye, mipira ilibaki stoo. Mtaala mpya wa kidato cha kwanza hadi cha nne, ulioanza mwaka 2020, umefanya elimu ya viungo kuwa somo la lazima katika vidato viwili vya mwanzo. Maana yake kila shule ya Jinja na Mbale ina kipindi ambacho raga inaweza kufundishwa kwa watoto wote. Kinachokosekana ni mwalimu aliyepitia kozi ya awali ya ukocha au urefa.

Kuhusu ufadhili wa masomo, maneno machache yanatosha. Hutolewa kwa mmoja mmoja, na mwenye kuupata huwa amechukuliwa kutoka katika mchezo wa nyumbani akiwa bora kabisa. Ni heri kwake, na hakuna anayepaswa kumnyima. Lakini haiwezekani kuita njia ya kujenga raga ya nchi jambo ambalo mafanikio yake ni mchezaji kuondoka.

6. Fedha za wadhamini

Hoja ya mwisho ni ya wenye kujiona wakweli kuliko wote. Wanasema mdhamini atatoa fedha kwa ziara ya London, hatatoa kwa mechi ya shule mbili pale Dam Waters, hivyo fedha za ziara haziondolewi popote. Hoja hii inasahau kwamba mdhamini hununua anachouziwa. Viongozi wakiandika maombi ya ziara, watapata majibu kuhusu ziara. Tena fedha si kitu pekee kinachotumika: miezi ya vikao, barua, harambee na muda wa walimu wachache wanaoujua mchezo huu hutolewa katika shule na kuwekwa katika safari moja.

Raga ya Uganda ina tatizo jingine la udhamini linalostahili kutajwa waziwazi. Ligi kuu imebeba jina la bia ya Nile Special, ya kampuni ambayo kiwanda chake kiko Njeru, ng'ambo tu ya mto kutoka Jinja. Fedha za bia hazifai kugusa michezo ya watoto, na ni sawa zisiiguse. Kwa hiyo raga ya shule inahitaji kutafutiwa wadhamini wake yenyewe, wa sukari, maziwa, vitabu au benki, na hao watavutwa na jambo linaloonekana mjini mwao mara nyingi kwa mwaka kuliko picha ya uwanja wa ndege.

7. Safari zilizo karibu

Kikosi cha wachezaji 26 na viongozi watano kinahitaji tiketi 31 za ndege. Basi moja la abiria 60 hubeba vikosi viwili vya wachezaji 23, walimu wao na mipira yao kutoka Jinja hadi Mbale, takriban kilomita 150, na kuwarudisha jioni hiyohiyo. Uwanja hauhitaji jukwaa. Unahitaji nyasi zisizozidi mita 100 kwa 70 kati ya mistari ya goli na ile ya pembeni, na nguzo zilizoachana mita 5.6, zenye mwamba ulio mita 3 kutoka ardhini. Mikalitusi inayojaa Busoga na Bugisu inatosha kuzijenga.

Anayetaka mpinzani mgeni naye hana haja ya kwenda mbali. Bungoma iko karibu na Mbale kuliko ilivyo Kampala, na Mganda hahitaji viza kuingia Kenya. Magharibi mwa Kenya ni ngome ya raga ya wanafunzi, na majina ya shule kama Kakamega na Koyonzo yanajulikana kwa kila anayefuatilia mashindano ya shule za nchi hiyo. Mvulana wa Mbale anaweza kucheza nao Jumamosi, kushindwa, kurudi nyumbani, kurekebisha na kuwakabili tena muhula huohuo. Hicho ndicho ziara ya ng'ambo inachoahidi na kushindwa kutoa. Mwaka 2024 Michezo ya Shule za Sekondari za Afrika Mashariki ilifanyika Mbale na Bukedea, na mwaka 2025 ikahamia Kakamega. Dunia ya wanafunzi wa ukanda huu ilikuja hadi mlangoni.

Tangu 2004 Kenya na Uganda hushindania Kombe la Elgon, lililopewa jina la mlima wenye kimo cha mita 4,321 unaoitazama Mbale. Shule zilizo chini ya mlima huo, pande zote mbili za mpaka, zinastahili kombe lao la wavulana, la nyumbani na ugenini, lenye waamuzi waliofunzwa na mtu wa huduma ya kwanza kila mechi. Chama cha Raga cha Uganda na chama cha michezo cha shule za sekondari viketi na walimu wa Jinja na Mbale, vitoe ratiba kabla shule hazijafunguliwa Februari, na vipeleke wateuzi kuzitazama mechi hizo mahali zinapochezwa. Hadi ratiba hiyo itakapokuwepo, mzazi au mwanafunzi wa zamani anayeombwa mchango wa ziara ya ng'ambo aulize kwanza shule ya mwanawe itacheza na nani Jumamosi ijayo, na pasipokuwa na jibu, fedha zake azipeleke shuleni.